Maswali ya Wasomaji: Kubadilishana stempu na mtu usiyemjua

Swali: Nakusanya stempu za zamani za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mkusanyaji wa Ujerumani tuliyejuana mtandaoni anataka tubadilishane 40 kwa 40. Anasema zake ameshatuma kwa rejista, namba RR407182638DE, na ananihimiza nami nitume haraka. Nimwamini? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Usitume kwanza. Namba ya rejista ya kimataifa huwa na herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi: TZ, KE, DE. Tarakimu ya tisa hutokana na hesabu ya zile nane. Zizidishe moja moja kwa mfuatano huu: 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7. Jumlisha, gawanya kwa 11, kisha baki litoe kwenye 11. (Ukipata 10 weka 0, ukipata 11 weka 5.) Ya huyo bwana: 32+0+28+2+24+10+54+21 ni 171. Ukigawanya kwa 11 linabaki 6. 11 toa 6 ni 5. Yeye ameandika 8.

Huenda kidole kimeteleza, basi mwombe picha ya risiti yenye mhuri wa posta kabla hujamwita tapeli. Namba ikikubali hesabu bado ifuatilie mtandaoni, maana hata tapeli anajua kunakili namba ya mzigo wa mtu mwingine.

Tena 40 ni nyingi kwa mara ya kwanza. Anzeni na tano za bei ndogo, mtume siku moja. Taka picha za mbele na nyuma, kwani nyuma ndiko hujificha karatasi iliyochunika. Kwa zile za thamani kubwa za enzi ya mkoloni, kama za £1, chunguza mhuri: baadhi zilibandikwa kwenye hati za serikali, wino ukasafishwa, zikagongwa mhuri wa posta wa bandia. Iliyotoka kwenye hati huwa na bei ya chini mno kuliko iliyosafirisha barua.

Ukituma, tumia rejista, weka anwani ya S.L.P. badala ya nyumbani, na kwenye fomu ya forodha ya CN 22 andika ukweli: stempu za mkusanyaji, idadi, thamani. Noti usitie kabisa. Fidia ya rejista ina kikomo, hivyo bahasha moja isibebe kitu usichoweza kukipoteza.

Swali: Nilizopokea zimegandana. Kosa ni la posta? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: La mfungaji. Stempu ambazo hazijatumika zina gundi, na joto la pwani lenye unyevu huilainisha. Kila moja ikae kwenye kibahasha chake chembamba, kisha zote kati ya kadi mbili ngumu. Selotepu ishike kadi tu. Ikigusa stempu, gundi yake hupenya karatasi na doa halitoki.