Nyimbo Zinazokuliza Si Zile za Mraibu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 29, ninaishi Mikindani na mama yangu, na kazi yangu ni kutengeneza simu mjini Mtwara. Kaka yangu mkubwa alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, huko akaanza kuvuta unga na baadaye kujidunga. Aliporudi nyumbani aliuza simu ya mama, kisha magunia mawili ya korosho, kisha mabati tuliyonunua kwa ajili ya kuezeka jiko. Nilimfukuza, nikaapa mbele ya majirani kwamba sina kaka. Sikulia. Aliacha simu mbovu, na nilipoitengeneza nikakuta ndani yake albamu moja tu, Dirt, ya bendi ya roki ya Marekani iitwayo Alice in Chains. Kwa Kiingereza changu cha sekondari nilielewa kwamba inahusu uraibu wa heroini. Tangu hapo ninaisikiliza kila usiku. Nyimbo zinazoeleza sindano zinanikasirisha tu, lakini ule uitwao Down in a Hole, yaani Chini Shimoni, na ule wa mwisho, Would?, hunifanya nilie kama mtoto. Mama anasema ni muziki wa mashetani na kwamba utanipeleka alikokwenda kaka. Sasa kaka amemaliza miezi sita katika soba hausi, nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha, na atarudi mwezi ujao. Ninataka siku ya kwanza nimwekee albamu hii asikilize, ajue kwamba sasa ninamwelewa. Je, nina kasoro? Na je, nimwekee? — Mdogo Mtu, Mikindani*

Marahaba, mwanangu. Kasoro huna. Kuhusu kumwekea kaka yako albamu hiyo, jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu naona hukuniuliza kwa mzaha.

Nilimwomba mjukuu wangu anitafutie albamu yenyewe, tukakaa nayo jioni tatu, yeye akinitafsiria kila Kiingereza changu kilipogota. Nakiri kwamba jioni ya kwanza sikufika mwisho, maana magitaa yale yanasaga kama mashine ya kubangulia korosho iliyokosa grisi, na mimi ni mtu wa taarabu. Jioni ya pili masikio yalizoea. Jioni ya tatu nilianza kukuelewa, ingawa si kwa namna unavyojielewa wewe.

Albamu hiyo ilitoka Septemba 1992, kazi ya vijana wanne wa Seattle. Mwimbaji wao, Layne Staley, alikuwa mtumiaji wa heroini, na maneno ya nyimbo za sindano ni yake: majivuno ya mtu anayedhani ameuzidi akili ulimwengu, kisha ugonjwa, kisha kujichukia. Hizo, umeniambia mwenyewe, hazikulizi bali zinakukasirisha. Sasa zitazame zile mbili zinazokuliza, kwa sababu hakuna hata moja kati yake iliyoandikwa na mraibu yule. Zote mbili ziliandikwa na mpiga gitaa, Jerry Cantrell, mtu aliyesimama pembeni yake jukwaani. Lile shimo unalodhani ni shimo la unga, Cantrell aliliandika kwa ajili ya mwanamke aliyempenda kwa muda mrefu. Na ule wimbo wa mwisho aliuandika kwa sababu ya Andrew Wood, mwimbaji wa bendi nyingine ya mji huo huo, aliyefariki Machi 1990 akiwa na miaka 24 baada ya heroini kumzidi, na kwa sababu ya watu waliokuwa wepesi wa kumhukumu marehemu. Ni wimbo wa aliyebaki, mwanangu. Usiku wote huo umekuwa ukidhani unasikia sauti ya kaka yako, kumbe kinachokutoa machozi ni sauti ya mtu aliyekaa mahali ulipokaa wewe.

Ndiyo maana nimesita uliposema kwamba sasa unamwelewa. Nadhani umeanza kujielewa wewe mwenyewe, jambo ambalo si dogo, lakini si jambo lile lile. Ungekuwa umemwelewa kaka yako, zile nyimbo za sindano zisingekukasirisha tu. Wala sisemi hasira hiyo ni mbaya. Mtu ameuza simu ya mama yake na mabati ya jiko lake, na mdogo wake ndiye aliyebaki kuangalia maji ya mvua yakiingia kwenye mafiga. Ungeniandikia kwamba huna hasira, nisingekuamini. Ninachotaka uone ni kwamba hasira na huzuni zote mbili ni zako, zilikuwepo kabla ya simu ile kupona, na magitaa yale yamezipa mahali pa kutokea tu.

Nitakupa kisa changu, ingawa sipendi kukisimulia. Mdogo wangu wa kiume aliharibiwa na nipa, ile pombe kali ya mabibo. Kila msimu wa mabibo ulipofika, watu wakikamua uraka, pombe nyepesi ya mabibo, kwa furaha ya mavuno, mimi nilianza kuhesabu siku, kwa sababu yeye hakuishia kwenye uraka. Alikwenda hadi kule unakotoneshwa kuwa nipa, akarudi akiwa amebebwa. Watu wakiniuliza, nilisema ana malaria. Nilisema hivyo miaka mingi kiasi kwamba jirani mmoja alinishauri nimpeleke akapimwe damu vizuri. Alipofariki sikutoa chozi, nikasifiwa kuwa nimejikaza. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nikichambua mchele, redioni ukapigwa wimbo wa taarabu wa mapenzi, mwanamke akilalamika kwamba mpenzi wake anapita mlangoni bila kubisha hodi, na nililia mpaka mchele ukalowa. Wimbo ule haukuwa na pombe ndani yake hata tone.

Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa na kaburi la kwenda kufagia. Mtu akifa hapa kwetu, majamvi hutandikwa, majirani huleta maji na kuni, na mfiwa hukaa chini akapewa pole mpaka aichoke. Kwa aliye hai hakuna matanga. Nyinyi mlipotewa na mtu akiwa anatembea, na majirani, badala ya kuleta kuni, waliingiza ndani baiskeli zao. Umelia mbele ya simu usiku kwa sababu hukupewa mahali pengine pa kulilia.

Kwa mama yako usibishane juu ya mashetani. Kusikiliza wimbo wa sindano hakumfanyi mtu ajidunge, na katika albamu hiyo hiyo kuna wimbo mrefu, Rooster, yaani Jogoo, ambao hauna unga wowote ndani yake. Cantrell aliuandika akimfikiria baba yake aliyepigana vita vya Vietnam. Lakini mama hatashawishika kwa hoja hizo, na pengine hasemi juu ya muziki hata kidogo. Ana watoto wawili, mmoja aliondoka akiwa mzima na kurudi teja, na sasa anamwona wa pili amejifungia chumbani kila usiku akilia na simu ya yule wa kwanza. Mimi pia ningepiga kelele. Mwambie kwa Kiswahili chepesi kwamba unamlilia kaka yako, kisha unyamaze umwachie nafasi, kwa sababu sidhani kama yeye ameshapata pa kulilia. Na kama usingizi umekukimbia, au umeanza kuona ni afadhali usiwepo, usingoje jibu la gazeti. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa pale Ligula uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili.

Sasa nije kwa kaka. Albamu hiyo ilikuwa ndani ya simu yake siku alizokuwa anatumia, tena ilikuwa peke yake. Wewe unaisikia kama maombolezo, lakini yeye huenda aliisikiliza akiwa amekaa maskani, kete ya unga mkononi, au akiwa kwenye arosto, yale mateso ya kukosa unga, mifupa ikimuuma akingoja mtu arudi na mzigo. Ubongo wa mraibu hufunga vitu pamoja: wimbo, harufu, kona ya mtaa, rafiki fulani, hata sauti ya kiberiti, na kimoja kikiguswa, hamu yote huamka kabla mwenyewe hajajua kilichoiamsha. Wanaowahudumia waraibu huwafundisha kuvikwepa vichocheo hivyo, hasa miezi ya mwanzo. Wewe utakuwa umekusudia kumkumbatia, kumbe umemrudisha maskani kwa gari la haraka.

Mwimbaji wa albamu hiyo mwenyewe aliliona jambo hili likigeuka mikononi mwake. Alikuja kueleza, miaka michache baada ya kuitoa, kwamba mashabiki walimfuata wakimwinulia dole gumba kumwonyesha kwamba nao wamelewa heroini, na kwamba hilo ndilo hasa ambalo hakutaka litokee. Aliieleza sindano vizuri kuliko watu wengi waliopata kuiimba, na maelezo hayo hayakumwokoa: alifariki tarehe 5 Aprili 2002 akiwa na miaka 34, peke yake nyumbani, na wiki mbili zikapita kabla hajakutwa. Mpiga besi wa albamu hiyo, Mike Starr, naye alifariki mwaka 2011 kwa sababu ya dawa. Sikuambii haya ili ukae ukingoja msiba. Nimekuambia kwa sababu katika barua yako nimesikia kwamba umeshaanza kuyasoma maisha ya kaka yako ndani ya maisha ya mtu yule, na hiyo si haki kwake. Kaka yako amemaliza miezi sita na anapanda basi kurudi kwa mama yake.

Yako mambo ya kujua kabla basi hilo halijafika, na ninakuomba uyape uzito kuliko albamu. Mtu aliyekaa miezi sita bila heroini, mwili wake umesahau kuistahimili. Akiteleza siku moja na kutumia kiasi kile kile alichokizoea zamani, kinaweza kumuua. Ukimkuta anakoroma kwa namna usiyoizoea, anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi na haamki ukimtikisa, mlaze ubavu, usimwache peke yake, na mkimbizeni hospitali mkiwaambia wazi kwamba ni unga, bila kusema malaria kama nilivyokuwa nikisema mimi, kwa sababu ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi.

Jambo lingine ni methadoni. Tangu mwaka 2011, ilipoanza kutolewa Muhimbili, dawa hii imewasaidia waraibu wengi wa heroini kuishi bila kuwinda kete, lakini kwa kawaida hunywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu. Kama kaka yako anaitumia, aongee na kliniki yake kuhusu uhamisho kabla hajakata tiketi, kwa sababu kuikatisha ghafla ni kumwita yule wa zamani. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya haina malipo. Ipige ukiwa na swali, usisubiri mpaka uwe na janga.

Atafika wakati fedha za korosho zinaingia. Ziache benki, na usimtume kuzitoa ili kumpima kama amebadilika. Huo ni mtihani ambao hata mimi sikuwahi kumpa mdogo wangu bila kujuta. Mwambie mapema kwamba fedha hatashika kwa sasa, kwa sauti ile ile utakayomwambia kwamba chakula kipo.

Kuhusu kiapo, nitakuwa mkali kidogo. Uliapa mbele ya majirani kwamba huna kaka, kwa hiyo ukikifuta chumbani mkiwa wawili, mtaa utabaki na kiapo chako. Nenda kamlaki stendi, mtembee naye barabarani mchana, na mkifika kwa wale waliokusikia siku ile, sema, "Kaka yangu amerudi." Maneno mengine hayahitajiki. Hujamwambia kwamba umemsamehe mabati, na huna haja ya kumwambia siku hiyo kama bado hujamsamehe.

Kisha mwache aseme yeye. Huenda akakaa wiki bila kusema lolote, huenda akazungumzia mpira tu, na huenda siku moja mkiwa mnaokota korosho akakuambia jambo ambalo halimo katika wimbo wowote. Usimkatize kwa kumwambia kwamba unajua. Hujui, mwanangu.

Na ile simu ni yake. Ulipoitengeneza hukuinunua, kwa hiyo mrudishie, hata kama unaogopa ataiuza. Lakini kabla ya kuiwasha mbele yake, mwambie kilichomo na umuulize kama anataka nyimbo zibaki au zifutwe. Akisema zifutwe, zifute zote palepale akikuona. Zile mbili za mpiga gitaa uwe umeshazinakili kwenye simu yako, maana hizo ni zako.