Stesheni imerudi, treni bado

Ndugu, umeuliza kama ile stesheni kubwa ya Detroit, Marekani, waliyoikarabati kampuni ya magari ya Ford sasa inapokea treni. Bado. Stesheni hiyo, Michigan Central, ilifungwa 1988, Ford wakainunua 2018, wakapampu maji yaliyojaa ghorofa ya chini, wakaifungua tena Juni 2024. Ukumbi unapendeza kweli, vigae vya dari vinang'aa, ila ghorofa za juu kuna ofisi. Abiria wa Amtrak, kampuni ya treni za abiria ya Marekani, wanashukia mtaa wa New Center, kwenye kistesheni ambacho ukizubaa unakipita.

Reli yenyewe imefanyiwa kazi. Mwaka 2012 jimbo la Michigan lilinunua njia ya Kalamazoo hadi Dearborn kutoka kwa kampuni ya reli ya mizigo ya Norfolk Southern, likaikarabati, na sasa treni ya Wolverine, ile ya Amtrak kati ya Detroit na Chicago, inagonga kilomita 177 kwa saa baadhi ya sehemu. Kasheshe iko upande wa Chicago: kuanzia Porter, Indiana, njia ni ya kampuni ya mizigo, na treni ya abiria huweza kukwama nyuma ya mabehewa ya makontena. Ndiyo maana safari bado inakula saa tano na ushee.

Mjini kuna QLine, tramu ya barabara ya Woodward tangu 2017. Haina nauli (hapo wamenifurahisha), lakini ni kilomita 5 na kidogo, na haigusi Michigan Central. Mimi pesa ningezipeleka kwenye mabasi kwanza, maana ajira nyingi ziko vitongojini na tramu haifiki huko.