Kitabu Kikifungwa

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza mtu aongezeje kasi ya kusoma, maana unapewa makala nne kila wiki na ukifika chini ya ukurasa umeshasahau juu yake ulisema nini. Mimi kasi sikuwahi kuwa nayo. Muulize baba yako, atacheka kabla hujamaliza.

Unakikumbuka kile kitabu changu chenye kurasa za njano, ambacho utotoni ulidhani kilichapishwa hivyo? Nilikipaka mwenyewe, usiku mmoja, kuamkia semina. Kalamu mbili zilikauka. Asubuhi mhadhiri akanigeukia: "Mwandishi anadai nini?" Nikaanza kufunua. Akasema, "Kifunge." Nikakifunga, na kichwa nacho kikafungika. Nilikumbuka maneno yalipokaa, juu kushoto, karibu na jedwali. Yalisema nini, sijui. Ndipo kijana wa nyuma, hana hata kalamu, akajibu kwa sentensi mbili, barabara kabisa. Alikuwa amesoma utangulizi na hitimisho tu, kwingine vichwa vya sura. Huyo ndiye baba yako, na hadithi hiyo umeshaisikia kwake mara ngapi, ila kwake inachekesha.

Mimi bado inaniuma. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi!

Ndiyo maana nawaambia siku zote, wewe na dada yako: kitabu kikifungwa ndipo usomaji unaanza. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio lao. Wanafunzi wengine walikisoma kifungu katika vipindi vinne mfululizo. Wengine walikisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu wakaandika walichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, na wale walioandika asilimia 61. Mimi zinazonitisha ni zile dakika tano. Hapo ndipo mtu anajiona ameiva, kama nilivyojiona mimi alfajiri ile na vidole vyangu vya njano.

Kwa hiyo soma sehemu moja, ifunike, useme kwa maneno yako mwandishi anadai nini na anaegemea ushahidi gani. Ukikwama, funua uone ulipokwama. Kabla ya kuanza, kigeuze kichwa cha sehemu hiyo kiwe swali. Francis Robinson, mwanasaikolojia wa Marekani, alifundisha hivyo tangu 1946, na sijaona aliyempita. Kalamu ya rangi iache ipumzike.

Lakini ngoja. Baba yako hakufunga kitabu, maana hata kukifungua alikifungua kidogo tu. Nimelifikiria hilo miaka yote. Angeulizwa swali la pili, la ushahidi, angeumbuka, nami nimemwambia hivyo mara nyingi. Ila kusema kweli ile mada alikuwa akiifuatilia tangu zamani, na mimi nilikuwa mgeni kabisa. Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi hadithi ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Basi yule kijana hakuwa mjanja, alikuwa na akiba. Huenda hiyo ndiyo kasi unayoitafuta wewe: makala ya kumi ya mada ileile haikupigi chenga kama ya kwanza, kwa sababu istilahi mmeshazoeana na majina unayajua, nani anabishana na nani. Hapo sasa naona nimemtetea baba yako. Usimsomee aya hii.

Kuhusu kuliacha somo lenyewe, umeniomba nisiseme kitu, na sisemi. Nilikuwa nimeandika mistari sita hapa, nimeikata yote, na kama unaona wino umevuja upande wa pili wa karatasi, ni hiyo. Uamuzi ni wako. Nataka kujua jambo moja tu: ile makala uliyoniambia umeisoma mara tatu na hujaambulia kitu, katika hizo mara tatu uliwahi kuifunika?

Nijibu kabla ya kujaza hiyo fomu.

Mama yako