Kabla kijiji hakijaupitisha mpango wa ardhi: namna ya kupima athari kwa mazingira

Ukipangiwa timu ya wilaya inayosaidia vijiji kuandaa mipango chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya Tanzania, Na. 6 ya 2007, utakabidhiwa ramani ya rangi: makazi, kilimo, malisho, msitu. Usiishie kuuliza eneo limetengwa kwa ajili ya nini. Uliza wanaolitumia sasa wataenda wapi, kwa sababu uharibifu mkubwa huonekana pale shughuli ilipohamia, mara nyingi nje kabisa ya ramani.

Anza na malisho, maana ndiko hesabu hugoma. Tuseme zimetengwa hekta 800, na kila hekta hutoa tani 2 za majani makavu kwa mwaka. Nusu iachwe ilinde udongo. Tani 800 ndizo za kuliwa. Mnyama wa kilo 250 hula takriban asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.25, karibu tani 2.3 kwa mwaka. Hapo inatosha mifugo 350 hivi ya uzito huo. Ikiwa kijiji kina 900, wale 550 watakula msituni au kwa jirani, upende usipende. Wala usiliamini daftari la kijiji peke yake, watu hupunguza idadi wakinusa ushuru. Linganisha na kumbukumbu za josho na chanjo.

Kwenye maji, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kinachoharibika hapa ni vipimo. Ramani za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, ilhali GPS kwa kawaida husoma WGS 84. Ukizichanganya bila kubadili, mto unasogea takriban mita 300, na ukanda wako wa mita 60 unaangukia katikati ya shamba la mtu. Datumu iandikwe kwenye kila ramani, na ukingo upimwe kwa miguu.

Nenda kiangazi. Masika kila bonde linapendeza. Kiangazi ndipo utaviona vinyungu (bustani za mabondeni zenye unyevu), mapito ya ng'ombe na kisima kimoja kinachogombewa na wote. Waulize wachota maji, si mwenyekiti, hukauka mwezi gani. Ukilifunga bonde bila lambo mbadala, limefungwa kwenye karatasi tu.

Andaa jedwali moja: eneo, matumizi ya sasa, yanayopendekezwa, wanaohamishwa ni wangapi, waendako, nani atafuatilia. Safu ya waendako ikiwa tupu, mpango urudi mezani. Jedwali lisomwe mkutano mkuu wa kijiji kabla ya uamuzi, na wajumbe wa vijiji vinavyotumia mto huohuo wawepo. Sheria ndogo ziandikwe baada ya hapo. Zikitangulia, utakuta faini imewekwa kwa kupita njia pekee waliyo nayo ng'ombe.