Serikali usiipime kwa jina, uliza nani anaweza kumtoa aliye juu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi niko mwaka wa kwanza chuo, nasoma siasa na utawala, kuna kitu kinanichanganya sana. Vitabu vinazipanga serikali kwa majina, ufalme, jamhuri, demokrasia, udikteta, chama kimoja, ila nikiangalia dunia ilivyo majina na hali halisi haviendani. Uingereza kuna mfalme hana nguvu, Saudia kuna mfalme ana nguvu zote. Korea Kaskazini ni jamhuri lakini baba kamwachia mtoto. Afrika Kusini wana rais ila chama chake kikimchoka anaondoka hata uchaguzi haujafika. Sasa tuzipange kwa kigezo gani? Na hizi serikali zinashikiliaje madaraka, mbona kuna nchi watu wakijaa barabarani serikali inaanguka na kuna nchi haianguki?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Kilichokuchanganya kinachanganya hata watu wazima waliosoma, na ni kwa sababu majina hayo yanajibu maswali tofauti halafu sisi tunayaweka kwenye orodha moja kana kwamba yanashindana. Ufalme na jamhuri vinakwambia mkuu wa nchi anapatikanaje, basi. Ufalme anarithi, jamhuri kisheria harithi. Hayakwambii kama huyo mkuu ana nguvu au hana. Mfumo wa bunge na mfumo wa rais vinakwambia serikali inawajibika kwa nani. Chama kimoja kinakwambia nani anaruhusiwa kushindana. Kwa hiyo nchi moja inaweza kuwa ufalme, na mfumo wa bunge, na demokrasia, vyote kwa pamoja, na hakuna mgongano wowote hapo.

Mimi darasani naanza na swali moja tu, huyu aliye juu nani anaweza kumtoa, na anamtoa kwa njia gani? Ukilijibu hilo kwa ukweli, sio kwa jinsi katiba inavyojisifia ukurasa wa kwanza, asilimia kubwa ya kazi umemaliza.

Angalia Lesotho na Eswatini. Zote falme, zote ziko kusini mwa Afrika, zote zilitoka mikononi mwa Waingereza karibu wakati mmoja, Lesotho 1966 na Eswatini 1968 enzi hizo ikiitwa Swaziland, na zote zilianza na bunge na waziri mkuu. Mwaka 1973 mfalme Sobhuza wa Pili wa Eswatini akaiweka katiba pembeni akapiga marufuku vyama vya siasa, na mpaka leo chini ya Mswati wa Tatu, aliyekalia kiti tangu 1986, wagombea ubunge wanasimama mmoja mmoja bila chama na waziri mkuu anateuliwa na mfalme. Lesotho nao wamepita kwenye misukosuko mingi, jeshi limewahi kutawala pale, lakini waziri mkuu wao anatoka kwa wenye wabunge wengi na wabunge wakimgeuka anaanguka, mfalme hana la kufanya. Jina moja, lakini Lesotho waziri mkuu anawaogopa wabunge na Eswatini anamwogopa mfalme.

Uingereza nayo haikufika ilipo kwa wafalme kuwa wapole. Ilikuwa ni hela. Mfalme akitaka vita anahitaji kodi, na kodi bila bunge ilikuwa shida kuipata. Charles wa Kwanza alijaribu kutawala bila bunge tangu 1629 mpaka 1640, akarudi kuliita kwa sababu hazina ilikuwa imekauka na vita vya Scotland viko mlangoni, likaja likiwa na madai yake, vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe na 1649 akakatwa kichwa. Mwaka 1689 ikaandikwa sheria kwamba mfalme hatozi kodi wala haweki jeshi wakati wa amani bila idhini ya bunge. Mara ya mwisho mfalme au malkia kukataa kutia saini muswada uliopita bungeni ni 1708, malkia Anne. Sheria ya kumruhusu kukataa haijafutwa, ila uwezo wenyewe umekufa kwa kutotumika, na hili ulishike sana, madaraka mengi yanaishi au yanakufa kwenye mazoea kuliko kwenye karatasi.

Saudia mlango huo wa kodi haukuwepo, mafuta yakajaza hazina bila mfalme kulazimika kuomba kwa raia, na asiyeomba hela kwako hana haja kubwa ya kukusikiliza. Lakini hata pale usidhani mfalme anaelea hewani peke yake. Mwaka 1964 mfalme Saud alivuliwa ufalme na ndugu zake kwa kushirikiana na masheikh wakubwa, wakamweka Faisal mdogo wake. Na wiki chache kabla, Oktoba 1964, kule Moscow kiongozi wa Muungano wa Kisovieti Nikita Khrushchev naye alitolewa na wenzake wa uongozi wa juu wa chama cha kikomunisti. Mmoja mfalme wa kidini mwingine mkomunisti asiyeamini dini, vitabu vinawaweka sura tofauti kabisa, lakini ukiuliza swali letu wanafanana, wote wawili walitolewa na kikundi kidogo cha watu waliokaa chumba kimoja na wananchi wakapewa taarifa baadaye. Ndo maana nakwambia jina usiliamini haraka.

Sasa tuje kwa marais na mawaziri wakuu, maana hapo ndo wanafunzi wanapoangukia kwenye mtihani. Kwenye mfumo wa bunge serikali inaishi kwa pumzi ya wabunge. Margaret Thatcher wa Uingereza alishinda chaguzi tatu mfululizo lakini 1990 wabunge wa chama chake mwenyewe walipomchoka akaondoka, na 2022 Liz Truss hakumaliza hata miezi miwili, uchaguzi mkuu haukuitishwa kwa sababu wananchi hawakumchagua yeye kama waziri mkuu, walichagua wabunge. Afrika Kusini ni mfumo huohuo ila wamemwita mkuu wao rais, anachaguliwa na bunge na bunge linaweza kumtoa, kwa hiyo chama chenye wabunge wengi kikisema basi inakuwa basi kweli, ilimkuta Thabo Mbeki 2008 na Jacob Zuma 2018, wote walijiuzulu kabla muda haujaisha baada ya chama kuwaambia watoke. Kwa hiyo Afrika Kusini haijavunja kanuni yoyote, cheo tu ndicho kilichokudanganya.

Wajerumani waliongeza kitu ambacho mimi nakiona ni cha akili sana. Kabla ya Hitler bunge lao lilikuwa linaweza kuangusha serikali bila kukubaliana nani aingie, vyama vinavyochukiana vinaungana kubomoa tu halafu hakuna wa kujenga, rais akabaki anatawala kwa amri za dharura na mwisho wa yote, Januari 1933, akamteua Hitler kuwa kansela, yaani mkuu wa serikali, kwa taratibu zilizokuwepo. Katiba ya 1949 ikasema humtoi kansela mpaka kwa kura hiyohiyo umchague wa kumrithi. Tangu hapo imejaribiwa mara mbili, 1972 ikashindwa kwa Willy Brandt, 1982 ikafanikiwa, Helmut Schmidt akatoka Helmut Kohl akaingia.

Mfumo wa rais kama Marekani ni kinyume. Rais ana muda wake na bunge lina muda wake, huyu hawezi kumfukuza yule kwa sababu tu hampendi. Kumtoa rais lazima ashtakiwe na baraza la wawakilishi kisha seneti imtie hatiani kwa theluthi mbili, na hapo ndo pagumu, Andrew Johnson alishtakiwa 1868, Bill Clinton 1998, Donald Trump 2019 na 2021, hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Nixon alijiuzulu 1974 kabla hajafikishwa huko. Faida yake serikali haianguki kila mara, hasara yake mkikwama mmekwama, bunge la upande mmoja na rais wa upande mwingine bajeti haipiti na ofisi za serikali zinafungwa, na hakuna wa kuitisha uchaguzi mpya kuamua ugomvi.

Ufaransa wako katikati, rais anachaguliwa na wananchi lakini waziri mkuu bunge linaweza kumwangusha, ndo yaliyompata Michel Barnier Desemba 2024. Kati ya 1997 na 2002 rais alikuwa Chirac wa mrengo wa kulia na waziri mkuu Jospin wa mrengo wa kushoto, na mambo ya ndani ya nchi kwa sehemu kubwa yaliendeshwa na Jospin. Katiba ileile, rais akiwa na wabunge wengi ni mkubwa kweli, asipokuwa nao anapungua.

Chama kimoja chenyewe kinahitaji uangalie vyeo vya chama na usihangaike sana na vya serikali. Deng Xiaoping aliiongoza China miaka ya themanini yote na hakuwa rais, hakuwa waziri mkuu, hakuwa hata katibu mkuu wa chama, cheo chake kizito kilikuwa mwenyekiti wa kamisheni ya kijeshi. Jeshi la China kiapo chake ni kwa chama. Ndo maana 2018 walipofuta ukomo wa mihula miwili ya urais habari ilikuwa kubwa duniani, lakini ukatibu mkuu wa chama, ambao ndo kiti chenyewe, haujawahi kuwa na ukomo kwenye katiba. Korea Kaskazini wamefika mbali zaidi, Kim Il-sung kaacha kwa Kim Jong-il 1994, naye kwa Kim Jong-un 2011, kwa swali letu ule ni utawala wa ukoo unaotumia chama na jeshi kama mikono yake, hata kama mlangoni wameandika jamhuri.

Swali lako la pili sasa, wanashikiliaje. Hakuna mtu mmoja duniani anayeweza kutawala mamilioni kwa mikono yake miwili, kila mtawala anategemea watu wanaotii, polisi, makarani wa hazina, mahakimu, makamanda, wakuu wa mikoa. Hao wanatii kwa sababu tatu zikichanganyika kwa viwango tofauti, wanaogopa, wanafaidika, au wanaamini kwamba huyu ana haki ya kutuamuru. Serikali iliyochaguliwa kihalali inaegemea zaidi hiyo ya tatu, na ndo ya bei nafuu kuliko zote kwa sababu aliyeshindwa anakubali kushindwa akitegemea zamu yake itakuja. Hiyo imani ikiondoka, mtawala analazimika kulipa zaidi au kutisha zaidi, na vyote vinakula hela. Ndo maana mafuta, madini na misaada ya nje vinakaa katikati ya hii hadithi kila mara, vinampa mtawala mshahara wa askari bila kumuuliza raia.

Mtawala asiyeaminiwa tatizo lake la kwanza sio wananchi, ni wale wenye bunduki walio karibu naye, kwa hiyo anawagawa. Saudia wana jeshi la kawaida na wana Walinzi wa Taifa walio na amri yao tofauti. Iran baada ya mapinduzi ya 1979 hawakuliamini jeshi lililoachwa na Shah, mfalme aliyepinduliwa, wakaunda Walinzi wa Mapinduzi pembeni, wana nchi kavu yao na majini yao. Kikosi kimoja kikiasi kingine kipo. Gharama yake ni kwamba vikosi vilivyogawanywa hivyo vinapata shida kupigana pamoja vita ikija, lakini mtawala wa aina hiyo anaona afadhali jeshi dhaifu kuliko jeshi lenye umoja. Iran hiyohiyo pia wana uchaguzi, watu wanapiga kura na ushindani unakuwepo, ila majina ya wagombea yanapita kwanza kwa Baraza la Walinzi lenye watu kumi na wawili ambalo linakata nani asimame. Kwa hiyo ukichambua uchaguzi wa nchi yoyote anza kwenye uteuzi wa wagombea, kuhesabu kura kunakuja baadaye sana.

Na barabarani? Umati peke yake hauangushi serikali, unawalazimisha wenye bunduki kuchagua upande. Ufilipino Februari 1986 waziri wa ulinzi Enrile na jenerali Ramos walimgeuka rais Marcos, watu wakajaa barabara ya EDSA kuwakinga, wanajeshi wakakataa kuwapiga na ndani ya siku chache Marcos akaondoka nchini. Romania Desemba 1989 jeshi lilianza kwa kupiga risasi wananchi, kisha tarehe 22 likageuka, na mtawala wao Ceausescu aliyekuwa anahutubia jana yake tu akakimbia kwa helikopta, tarehe 25 akauawa. Miezi sita kabla yake, Juni 1989 kule Beijing, China, kwenye maandamano ya uwanja wa Tiananmen, umati ulikuwa mkubwa kuliko sehemu nyingi, na alikuwepo hata jenerali aliyegoma kupeleka kikosi chake mjini, Xu Qinxian, lakini hakupata wenzake wa kutosha wa kugoma naye mpaka mambo yabadilike, alivuliwa amri akapelekwa mahakama ya kijeshi, vikosi vya kutoka maeneo mengine vikaletwa na vikatii.

Kilichotofautisha nakiona zaidi kwenye jinsi jeshi lilivyoshikwa kuliko kwenye ujasiri wa waandamanaji, waandamanaji wa Beijing hawakupungukiwa chochote. Kila kikosi cha China kina afisa wa chama mwenye ngazi sawa na kamanda, kwa hiyo kamanda akitaka kugeuka hana wa kupanga naye bila chama kujua, na wazee wa chama pamoja na kubishana kwao mwishoni walisimama nyuma ya Deng. Ufilipino wakubwa wenyewe walikuwa wameshagawanyika kabla umati haujafika. Kwa hiyo kwenye kazi yako ya darasani ukiulizwa serikali fulani itadumu au haitadumu, hesabu ya waandamanaji iache kwanza, tafuta jeshi linapokea amri kutoka kwa nani, mshahara wake unatoka wapi, na wakubwa kama wana njia ya kumbadilisha kiongozi bila kuuana.