Kampuni ya bima ikikushuku, pesa zaenda kwa nani?

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, mumewe kafariki, kampuni ya bima imesimamisha malipo eti kuna dalili za ulaghai, na shemejiye tayari anazunguka mtaani akisema hizo pesa sasa ni za upande wao. Nimeisoma nikajiona mimi mwenyewe. Najua wengi wenu mna bima za maisha kwa ajili ya watoto, mwataka wasome kama mimi nitakavyo wangu wasome, basi sikizeni.

Mume wangu alifia nyumbani Kisauni, alfajiri, na baada ya alasiri alikuwa keshazikwa. Kwetu hiyo ni heshima ya maiti, lakini kwa yule kijana wa upelelezi aliyetumwa na kampuni kutoka Nairobi ilikuwa ushahidi. Alikaa pale sebuleni, chai hakuigusa, akauliza "mbona mlimzika haraka hivyo?" ikabidi mamangu amsomeshe dini pale pale. Karatasi ya hospitali hatukuwa nayo, ya mochari hatukuwa nayo, tulikuwa na ile fomu ya naibu chifu ya mtu aliyefia nyumbani, ambayo ndiyo tuliyochukulia cheti cha kifo. Akaenda hadi makaburini akapiga picha. Kumbe shemeji yangu alishawaandikia barua kwamba nilimtilia nduguye kitu kwenye uji. Uji! Mume wangu uji hakuutaka hata Ramadhani.

Zile foleni na "mama rudi wiki ijayo" naziruka. Mwezi uliopita nililipwa, zote, na wale walionisema matangani wamesikia.

Sasa ushauri. Iulize kampuni kwa maandishi: anayeshukiwa ni nani, na kwa lipi? Maana jibu ndilo linaloamua pesa ziende wapi. Kama ni marehemu, kwamba alificha ugonjwa mkubwa alipojaza fomu, na kampuni ikathibitisha, bima yaweza kuvunjwa na hapo hapati mtu, si mke si shemeji. Kama unashukiwa wewe mnufaika, uliyeandikwa upewe pesa, kwamba umeua, hiyo ni kesi ya polisi na korti, si ya barua ya shemeji. Sheria ya urithi ya Kenya, kifungu cha 96, inasema muuaji harithi mali ya aliyemuua. Lakini hata hapo kampuni haibaki na pesa hivi hivi. Huko Uingereza Florence Maybrick wa Liverpool alihukumiwa mwaka 1889 kwa kumpa mumewe sumu, na mume alikuwa na bima ya pauni 2,000 ya kumlinda mke. Kampuni ikakataa kulipa, mahakama ya rufaa ikaiambia ilipe wasimamizi wa mirathi ya mume. Mke nje, pesa ndani ya mirathi.

Na zikiingia kwenye mirathi je? Mimi nina watoto wa kiume. Kwa sheria yetu ya Kiislamu ndugu wa marehemu hana fungu mbele ya mtoto wa kiume, muulizeni kadhi yeyote. Kwa hiyo shemeji yangu hata angefaulu kunifunga, asingepata senti. Sidhani aliwahi kukaa akalifikiria hilo, chuki haina hesabu.

Mkiwa wawili mnaodai, kampuni inaweza kuzipeleka pesa kortini nyinyi mkavutane huko mbele ya jaji, yenyewe ijitoe. Usiogope, hiyo si hukumu juu yako.

Halafu msikubali mambo ya kugawana ili yaishe! Mzee mmoja alinishauri nitoe nusu niepuke aibu. Nusu ya nini, na aibu ya nani? Ukitoa nusu watu watasema umekiri. Wanawake tuache kununua amani kwa pesa za mayatima. Barua, barua, kila kitu kwa barua.

Da, wewe anza leo. Andika, peleka mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, lalamika kwa mamlaka ya bima, IRA, na uambatishe nakala hiyo. Na shemeji akija tena, mwambie alete barua ya kampuni yenye jina lake.