Wageni wa mwaka wa kwanza wanakuja Misa ya kwanza, kisha hatuwaoni tena

Ndugu katika Kristo, umeuliza kwa nini wanafunzi wapya wa chuo hujaa kwenye Misa ya ukaribisho, lakini mwezi ukiisha wamebaki wachache. Mimi naona kasoro ni kuwakaribisha kwa pamoja, kama umati. Tangazo la madhabahuni halimkaribishi mtu. Mgeni hurudi pale mtu mmoja anapolijua jina lake na kumuuliza Jumapili ijayo mtihani ulikwendaje.

Basi gawaneni. Kila mwanafunzi mwenyeji achukue wageni wawili au watatu, awapitie bwenini waende kanisani pamoja, wakitoka wakae wazungumze. Wiki za mwanzo ndizo nzito kuliko zote, maana ndipo upweke unapouma na marafiki wa kudumu wanapopatikana. Msingoje semina ya katikati ya muhula.

Wapeni kazi mapema: kusoma masomo ya Misa, kwaya, kutumikia altareni. Na msiwasahau wasiobatizwa au ambao hawajapata Kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani. Wengi huona haya kuuliza, kwa hiyo tajeni wenyewe siku ya mafundisho, na saa ya kitubio, yaani kuungama dhambi, pia.

Kama hamna padre mlezi, mwandikieni askofu bila woga. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 813, inamtaka awe na uchungaji wa dhati kwa wanafunzi, hata kwa kuwaundia parokia, au angalau kuwateulia mapadre wa kudumu.